Kadi ya Milima Arobaini

Jumatano, 7 Februari

"Kadi moja, milima arobaini, na mlima wetu utakuwa wa arobaini na moja. Nani mwenye akili timamu atakataa?" Hayo kayasema ndugu yangu Lucien jana mbele ya kamati ya mlima, na gazeti letu limeyachapa leo kwa herufi nene, kana kwamba ni jambo la kupongezwa.

Mimi nakataa. Na akili ninayo.

Kwanza, hesabu yenyewe ni ya uongo. Hakuna mtu mwenye milima arobaini. Mtu ana magoti mawili, ana Jumamosi kumi na tano za kuteleza kwenye theluji zikiwa nyingi, na ana gari ambalo huwaka likitaka. Anayenunua kadi ya Vilele Arobaini, tiketi ya msimu mzima ya kampuni moja kubwa, hanunui milima — ananunua hofu ya kukosa. Hofu hiyo huuzwa Machi, theluji ya msimu huu ikiwa bado iko chini, kwa ajili ya msimu wa mwakani ambao hakuna ajuaye kama theluji itaanguka. Ukingoja Desemba uone hali ya hewa, bei imeshapaa. Duka gani jingine linakuuzia mkate wa mwakani leo, na kukuadhibu ukiomba kuunusa kwanza?

Pili, mlima wa Hathorn si wa Lucien. Ni wa mji. Lifti moja ya viti vya watu wawili wawili vinavyoning'inia kwenye kebo, kamba moja ya kuvuta watoto wadogo, kibanda kimoja cha supu. Wazazi wetu walifyeka njia zile kwa misumeno ya mkono. Huwezi kuuchukua mlima wa namna hiyo ukaubandika nyuma ya kadi ya plastiki, mstari wa mwisho, maandishi madogo kuliko ya dawa ya kikohozi.

Tatu — ya tatu naiweka kwa safu yangu ya gazetini. Nisiimalizie hasira humu bure.

Na bado ni ndugu yangu. Ana miaka hamsini, mimi hamsini na tatu. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya mlima, mimi ni mtu anayeandika barua na safu. Mkutano mkuu wa mji ni tarehe 5 Machi. Kifungu cha kumi na nne: mlima uingie kwenye kadi ya Vilele Arobaini, ndiyo au hapana.

Wiki nne.

Ijumaa, 9 Februari

Ijumaa ya skii. Saa saba mchana shule imefunga vitabu, mabasi mawili ya njano yakamwaga watoto themanini na sita chini ya mlima. Kundi langu lina saba, wa darasa la nne. Mmoja kapoteza glavu kabla hajaanza. Duka la vyuma limefungwa, posta imefungwa, hata daktari wa meno kaweka kibao mlangoni — kila mtu mzima ambaye miguu inamtii anaongoza kundi. Lifti inawabeba wao tu hadi saa kumi. Imekuwa hivi tangu mimi nina miaka sita. Hakuna mtoto Hathorn asiyejua kuteleza, awe wa mwenye hoteli au wa anayeishi kwenye trela.

Royce Bixby, fundi wa lifti, kanivuta pembeni. Kebo imechoka. Mkaguzi wa jimbo aliipima Januari, unene umepungua. Kibali kinaisha Juni. Bila kebo mpya lifti haigeuki msimu ujao.

"Wewe andika upendavyo, Odile," kasema. "Ila kebo haisomi gazeti."

Nilicheka. Kisha nikaacha.

Kumbe hicho ndicho Lucien anachokificha nyuma ya milima arobaini. Kampuni itatanguliza malipo, naye atanunua kebo. Angesema hivyo waziwazi ningemheshimu zaidi. Kidogo.

Jumapili, 11 Februari

Chakula cha mchana kwa Lucien. Pai ya nyama ya mama yetu, aliyoipika Noelle, binti yake. Kaipika vizuri. Nilikwenda nikiwa nimejifunga mkanda kwa vita na baba, vita ikaja kutoka kwa mtoto. Mtoto! Ana miaka ishirini na sita, ni muuguzi.

"Shangazi, mimi kadi ya Vilele ninayo. Na ya mwakani nitanunua, mlima wetu uwemo au usiwemo."

"Kwa nini?"

"Rafiki zangu wote wanayo. Wakienda kule, nani atakaa nami kwenye kiti hapa? Wewe?"

"Mimi nina kasoro gani?"

"Unahutubia. Dakika tisa za kupanda, zote hotuba. Mtu anafika juu amechoka hata hajaanza kushuka."

Lucien kacheka mpaka kaweka uma chini.

Nikawaambia basi msikilize hotuba hii. Makampuni mawili makubwa yamegawana milima ya nchi nzima kama wafalme waliokuwa wakichora mipaka kwenye ramani wakinywa chai. Mlima huu wa kadi hii, mlima ule wa kadi ile. Watu walioteleza pamoja miaka ishirini sasa hawaonani majira yote ya baridi, maana mmoja kachagua hivi na mwenzake vile. Hiyo ndiyo wanayoiita hiari. Noelle kakubali, tena kaniongezea: kazini kwao kuna mke mwenye kadi hii na mume mwenye kadi ile.

"Sasa inakuwaje?" nikauliza.

"Kila mtu anakwenda kwake. Wanasema ndoa imetulia sana."

Baada ya kahawa nikamuuliza Lucien juu ya kebo. Kwanza kauliza nani kaniambia. Halafu: "Nikisema kebo, watu wataogopa. Nikisema milima arobaini, watafurahi. Dada, wewe unajua maneno. Mimi najua watu."

Limenichoma, kwa sababu kura zikihesabiwa hushinda yeye.

Nimeondoka na kipande cha pai. Sikuwa nimesamehe. Nilikuwa na njaa.

Jumatano, 14 Februari

Ofisi ya karani wa mji. Mkataba wa Vilele Arobaini uko kaunta, kwenye jalada la kijani, kurasa arobaini na nne, wazi kwa raia yeyote. Bi Stiles, karani, kasema mimi ni wa kwanza kuuomba. Upo pale wiki tatu! Mji mzima utapigia kura karatasi ambayo hakuna aliyeigusa. Nimekaa kwenye kigoda cha kupandia rafu, magoti masikioni, kwa muda wa saa tatu. Bi Stiles kaniletea donati. Nadhani aliona uso wangu.

Ukurasa wa thelathini na moja. Nanakili: "Wakati wowote lifti inapobeba abiria, mwenye kadi atabebwa sawa na mwingine yeyote." Nyuma yake kiambatisho, ratiba ya lifti, kwa mwandiko wa Lucien. Alhamisi jioni. Ijumaa saa saba hadi saa kumi. Jumamosi. Jumapili.

Ijumaa saa saba hadi saa kumi.

Nimesoma mara tatu. Fomu iliuliza lifti hugeuka saa ngapi, naye akajaza saa ambazo lifti hugeuka. Hakudanganya. Hakuna aliyezaliwa Hathorn ambaye angeliona kosa hili. Ijumaa mchana mgeni haji mlimani kwetu, kama vile haingii darasani akavuta kiti akaketi nyuma. Hatujawahi kuandika sheria ya kumzuia. Hatukuihitaji. Na kwa kuwa hatukuiandika popote, haikumjia kichwani alipokuwa anajaza.

Mwakani basi, Ijumaa saa saba: watu mia nne waliotoka Boston alfajiri, wamekwepa kazi, foleni moja, lifti moja. Nyuma yao watoto themanini na sita wameganda. Kufika saa kumi kila mtoto kapanda mara moja. Mwaka wa pili walimu wanasema haina maana. Mwaka wa tatu haipo. Vitu vya pamoja hufa hivyo, nimesoma habari zake za nchi kumi na za karne kumi, na kila mara aliyefungua lango ni mwenyeji mwema mwenye kalamu.

Nimempata.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa furaha. Naiacha ilivyo, nisije nikajidai mtakatifu baadaye.

Alhamisi, 15 Februari

Safu nimeituma saa nne asubuhi. Saa tano nimepiga simu kuirudisha. Mhariri kauliza kama naumwa. Miaka kumi na tisa sijawahi kurudisha safu.

Lakini Lucien angeisoma siku ile ile na mji mzima. Nina maadui wa kutosha wasio na sura ya mama yangu. Kwanza nimwambie mwenyewe.

Jumamosi, 17 Februari

Kiti cha kwanza, saa tatu asubuhi. Mimi na Lucien tumepanda kiti cha kwanza kila Jumamosi ya majira ya baridi tangu utotoni. Hata mwaka ule ambao hatukusemeshana tulipanda, tukitazama kila mmoja upande wake. Baridi leo ya kukata masikio. Nikangoja nguzo ya nne. Pale pana urefu, haruki mtu.

Nikamwambia. Ukurasa, mstari, Ijumaa.

"Haiwezekani."

"Mwandiko ni wako, kaka."

"Waliuliza lifti inageuka lini."

"Najua walichouliza."

Hapo lifti ikasimama. Mtu kaanguka kule chini pa kupandia. Tukabaki tunaning'inia, upepo unatusukuma kama nguo kwenye kamba. Dakika sita nzima.

"Umefurahi?" kauliza.

"Jumatano nilifurahi."

"Na leo?"

"Leo nina baridi."

Hakucheka. Kasema atawapigia simu, ni mstari mmoja tu, wataufuta, watu wale ni waungwana. Nikamwambia waungwana hawaandiki kurasa arobaini na nne. Kasema mimi siku zote nataka watu wawe wabaya ili nipate cha kuandika. Nikasema yeye siku zote anataka wawe wema ili asipate cha kusoma. Lifti ikaondoka. Juu yeye kageuka kushoto, mimi kulia.

Hatukungojana chini.

Jumanne, 20 Februari

Mtu wa kampuni kaja mwenyewe. Bwana Ketterling. Jaketi jipya, meno mengi. Lucien kaniruhusu niketi mradi nisifungue mdomo.

Lucien kamwomba kiungwana kabisa Ijumaa itolewe. Ketterling kasikitika — anasikitika kwa ustadi, kasomea. Inawezekana, kasema, sisi tunawapenda mno watoto. Ila mlima wenye saa zilizofungwa kwa wenye kadi huingia daraja la pili. Na daraja la pili halipati malipo ya kutanguliza. Kwa hiyo... Hakumalizia. Mtu kama huyo hamalizi sentensi ya kuua, anakuachia uimalize mwenyewe.

"Je, tukiwapa watoto foleni yao pembeni?" Lucien kauliza.

"Wateja wetu huwa hawaelewi foleni mbili."

"Wateja wenu wana umri gani?" nikauliza mimi.

Lucien kaniambia ninyamaze. Mbele ya mgeni. Nikanyamaza, maana uso wake ulikuwa umepauka na sikutaka kuutazama.

Ketterling kaaga kwa kutugawia kofia za sufu zenye nembo ya vilele. Mlango ulipofungwa Lucien kakaa na ile kofia mikononi.

"Bila kebo hakuna Ijumaa, hakuna Jumamosi, hakuna kitu. Ijumaa yenye foleni ni Ijumaa bado. Nipe kingine, dada. Sio makala. Kitu."

Sina. Nimeandika safu zaidi ya mia tisa, na kebo sina hata ya mita moja.

Kofia yangu nimempa mbwa wa Royce. Kainusa akaondoka.

Alhamisi, 22 Februari

Royce tena. Kebo ipo. Mpya, imezungushwa kwenye gurudumu lake la mbao, haijaguswa, ghalani kwa Hollis Prouty, mwenye mlima wa Teague. Maili kumi na nane kutoka hapa. Prouty alitaka kujenga lifti ya pili, akanyimwa kibali, kebo ikabaki. Lifti yake na yetu ni pacha: kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Kebo inatufaa na inabaki.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Kwa sababu ni Prouty," kasema, "na kwa sababu ni wewe."

Ni kweli. Miaka kumi na moja iliyopita nilimwandika. Najinukuu, kwa kuwa yeye bila shaka anakumbuka: "Teague si mlima, ni tuta lenye bango, na mwenye tuta huwauzia kakao ya maji watu waliopotea njia." Ilikuwa sentensi nzuri. Bado ni nzuri. Hapo ndipo penye taabu.

Jumamosi, 24 Februari

Nimekosa kiti cha kwanza kwa hiari yangu, mara ya kwanza maishani. Nimeendesha hadi Teague.

Prouty yuko kibanda cha tiketi. Miaka sabini, kanyooka kama ubao. Ukutani nyuma yake, ndani ya kioo — safu yangu. Kaiwekea fremu. Fremu nzuri, ya mbao ya mcheri.

"Bi Marcotte. Umepotea njia?"

"Hapana."

"Basi kakao hupati."

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Wanaijua. Pale kila mtu anaijua, wamenunua tiketi chini yake miaka kumi na moja.

Niliandaa maneno mazuri njiani nikayaacha garini. Nikasema nilikosea. Nikasema nilipoandika vile sikuwa nimewahi kupanda mlima wake.

"Hukuwahi?"

"Hata mara moja. Nilipita barabarani."

Hilo hakulijua. Kisha kachana tiketi kanisukumia. "Panda kwanza. Tutaongea ukishajua unachozungumzia."

Nimepanda mara nne. Si tuta. Unatazama kusini, kwa hiyo adhuhuri theluji ni maji maji, na katikati ya Machi hapatabaki kitu. Lakini ile njia ya kushoto ipitayo msituni ilikatwa na mtu anayejua mguu wa binadamu unataka nini kwenye kona. Nimemwambia hivyo. Kasema aliikata yeye na marehemu mkewe.

Halafu shughuli. Anataka kadi moja, milima miwili. Watu wake waje kwetu Machi theluji yao ikiisha, watu wetu waende kwake Januari upepo wa kaskazini ukitufungia lifti. Ijumaa kila mlima na watoto wake, na hilo liandikwe, tena ukurasa wa kwanza. Kebo anaileta kama sehemu yake katika ubia. Nikamwambia huo ndio mpango wa kwanza wa kadi niliousikia usiohitaji mtu wa kuueleza. Kasema asante, usiuandike.

Masharti mawili. La kwanza: sahihi iwe ya Lucien. "Ndugu yako namwamini. Wewe unaandika vizuri."

La pili: majina thelathini. Fundi wa kuunga kebo atatoka Quebec, lakini kebo yenyewe huvutwa na watu, siku kumi, mwezi wa sita. Kila mtu ana nyasi za kukata Juni. "Mji wenu hodari kwa makofi. Mwaka wa mafuriko mliniahidi watu ishirini. Wakaja wanne, na mmoja alikuja na kamera." Anataka majina kwa wino kabla ya kura. Yakipungua kebo anaiuza, mnunuzi yupo.

Yule wa kamera nilikuwa mimi.

Jumapili, 25 Februari

Nimekwenda kwa Lucien. Hakufungua mpaka nilipogonga mara ya tatu. Nimemweleza nikiwa nimesimama nje.

Kasema ameshaipa kampuni neno lake. Nikasema hajatia sahihi. Kasema kwake neno ndilo sahihi. Nikamuuliza wale watoto themanini na sita hawakupewa neno na mtu yeyote? Kasema: "Mpango huu ungeletwa na mtu mwingine ningeusoma. Wewe umeuleta ili ushinde."

Karatasi ya Prouty nimeiacha kwenye ngazi, chini ya koleo la theluji.

Na kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: yuko sahihi nusu. Nataka kushinda. Nataka asimame mbele ya watu aseme Odile aliona, mimi sikuona. Naliwazia jambo hilo nikiosha vyombo. Nikilazimishwa kuchagua, hilo au Ijumaa, nachagua Ijumaa.

Nafikiri.

Ijumaa, 1 Machi

Ijumaa ya skii. Nilizunguka na karatasi ya majina ndani ya jaketi na kalamu kinywani, maana wino huganda. Delmar wa posta kaandika bila kusoma, siku kumi zote. Mwenye duka la vyuma kaandika siku tano na kuniomba nisimwandike gazetini. Daktari wa meno kasema Juni ana wagonjwa wengi. Nikamwambia Juni iliyopita nilimwona siku sita mfululizo ziwani na ndoana. Kasema ataona.

Noelle alikuja na kundi lake la wadogo kabisa, anawavuta kwa kamba kama bata.

"Siku kumi sina, shangazi. Nina zamu."

"Nne?"

"Nne sawa. Na kadi ya Vilele nanunua vile vile, usianze."

"Nunua."

Kanitazama kama aliyeona mgonjwa ameinuka ghafla. "Umesema nini?"

"Nimesema nunua. Nenda na rafiki zako. Ila andika jina."

Kaandika. Halafu akauliza ninaumwa wapi.

Kumi na saba. Karibu kila asiyeandika ameniuliza swali lile lile: Lucien anasemaje? Hawaulizi mimi nasemaje. Wanajua. Wamejua miaka kumi na tisa, na haijawagharimu hata siku moja ya Juni.

Jumatatu, 4 Machi

Inchi nane za theluji usiku kucha. Mji mzima umefunga maduka ukapanda mlimani, kama desturi, na lifti imewashwa ingawa Jumatatu si siku yake. Majina kumi na tisa.

Lucien nilimwona kitini na Royce. Wanaongea, wala hawakutazama chini.

Simu ya Prouty. "Wangapi?" Nikamwambia. Kakata.

Jumanne, 5 Machi

Ukumbi wa mji. Mapumziko ya chakula. Naandika nikiwa benchi la tatu, sahani ya maharage ya kuoka pajani, imepoa.

Asubuhi nzima tumebishania lori la kusukuma theluji. Saa mbili na nusu za lori! Mtu kataka kujua kwa nini ni jekundu. Nawapenda watu hawa na ningewapiga na kiti.

Wageni wana viti vyao nyuma, na asiye mkazi hasemi bila ukumbi kumruhusu kwa kura. Kwa hiyo Ketterling yupo kule, kimya, na sanduku la kofia miguuni. Viti viwili kutoka kwake yupo Prouty. Hawajasalimiana. Kila mmoja anakula pai ya mwenyeji na kuisifu.

Karatasi ya majina iko meza ya chakula, kati ya kabichi na pai za tufaha, ili kila mtu aione. Ishirini na nne. Bado sita, na sahihi ya Lucien.

Lucien kapita mezani mara mbili. Mara ya pili alivaa miwani akaisoma yote, jina kwa jina, kidole kikishuka. Kamwomba Bi Stiles kalamu. Kapewa. Karudi kitini nayo. Hakuandika kitu. Sielewi. Ketterling kaona pia, maana kaacha kula.

Mwenyekiti wa mkutano kagonga meza. Kifungu cha kumi na nne.

Lucien kasimama, ndiye wa kwanza kwa haki. Ananyoosha karatasi. Si zile za milima arobaini. Ni jalada la kijani.

Kasema: "Kabla sijaomba kura yenu, someni nami ukurasa wa thelathini na moja. Kosa lililomo humo nimelifanya mimi, kwa mkono wangu." Kasoma mstari wote. Kasoma ratiba. Ijumaa saa saba hadi saa kumi. Mtu nyuma yangu kasema, taratibu, ah, Lucien. Kasema bila mkataba huu kebo ya kununua hatuna, na akiwa nao hana Ijumaa ya kuwapa. Kasema kuna karatasi nyingine kwenye meza ya chakula, wala hakusema imeletwa na nani. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Kakaa chini. Masikio yake mekundu.

Nilikuwa nimeingojea siku hii wiki nzima, nikiosha vyombo. Imefika, nami nimetazama sahani yangu.

Mikono sita juu kabla ya wangu, wanne wameshaongea. Daktari wa meno anaongea sasa, anasema jambo hili liundiwe kamati. Baada yake mwenye hoteli, halafu mimi. Karatasi nyingine sina, naandika hapa nitakachosema, nisije nikapotea nikaanza hotuba:

Sisemi na mji. Nasema na nyinyi mnaoongoza makundi ya Ijumaa kwa zamu, arobaini na moja, nawajua kwa majina na kwa namna mnavyoanguka. Msinipe kura ya hapana tupu. Hapana ni rahisi, nimewauzia miaka kumi na tisa, na kila mara mlinishukuru mkarudi nyumbani. Mkipiga hapana leo na kuondoka, Juni lifti inafungwa na mimi nitakuwa nimeshinda mlima uliosimama. Msimtazame ndugu yangu kujua mfanye nini, yeye keshasema kilicho kigumu kuliko chenu. Msimtazame Prouty, msinitazame mimi. Wanaotakiwa ni sita. Daktari, funga hiyo kamati yako. Inukeni kabla kura haijaitwa, mbele ya kila mtu, mwende kwenye meza ile, kila mmoja aandike jina lake na siku zake za Juni kwa wino. Inukeni sasa.